Madaftari Niliyoyatia Motoni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo ndilo linaloniua. Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike hapa nyumbani Ngara, nyuma ya migomba, na kila asubuhi kabla sijakwenda kwenye cherehani yangu nakuamkia kwa sauti, kisha nasubiri. Nasubiri kama mjinga.

Mama yupo, ila amekonda. Chumba chako cha Runazi, ulichopanga miaka yote ya ualimu, tumemrudishia mwenye nyumba. Maharage yamemezwa na magugu, sina nguvu ya kwenda shambani. Hayo ni madogo. Kuna kubwa ambalo nimeshindwa kumwambia mtu yeyote mwenye uhai.

Ni madaftari yako, Baba.

Siku ya pili ya msiba mvua ilitupiga, kuni zote zikalowa. Waombolezaji wamejaa uani, sufuria la maharage limekaa tu. Shangazi akanipigia kelele, "Lete karatasi, moto umekataa!" Nikaingia chumbani kwako hapa nyumbani, nikavuta kiroba kilichokuwa chini ya kitanda. Nikachungulia: madaftari ya wanafunzi, majina yao juu, Kidato cha Pili, Kidato cha Tatu. Nikasema moyoni, makaratasi ya watoto wa watu haya, ya nini tena? Nikayachana kwa mikono yangu, moja moja, mpaka kiroba kikaisha. Moto ukawaka vizuri. Shangazi alinisifu.

Jioni nazoa majivu, nikaokota kipande. Mwandiko wako. Mungu wangu! Kumbe ni ule ubahili wako wa karatasi: mtoto akitupa daftari lenye kurasa tupu, wewe unaliokota na kuanza kuandika kutoka nyuma. Ningejuaje? Hapana, ngoja nisijitetee. Nilikuona mara ngapi mezani, daftari la mtoto umeligeuza kichwa chini, ukiandika mpaka chai inapoa? Nilijua. Siku ile sikufungua tu.

Kipande kimeandikwa: "Kwa hiyo kilichoanguka ndani hakijapotea, isipokuwa". Hapo moto umekula.

Isipokuwa nini, Baba?

Mimi fizikia ulinifundisha mwenyewe na bado nikapata F, aibu yetu sote wawili. Lakini siku ile tunachoma mabua ya mahindi ulinieleza nikaelewa. Ulisema moshi, majivu, joto na mwanga, mtu angeweza kuvikusanya vyote bila kuacha hata chembe, angesoma humo kila bua lilivyosimama. Ukasema ulimwengu haufuti kitu. Kisha ukakuna kichwa: tatizo ni yale mashimo meusi ya huko angani, yanayomeza hata mwanga. Shimo likishameza kitu, nalo likavuja polepole mpaka likaisha, habari za kile kitu ziko wapi? Ukaniambia wakubwa wa sayansi wanagombana mpaka leo, na wapo wanaosema kila kinachoingia kinaandikwa juu ya uso wa shimo, si tumboni. Na huenda ulimwengu mzima uko hivyo, sisi na unene wetu wote tumeandikwa kwenye ganda mahali fulani. Nilicheka nikakuambia, "Basi mimi nimeandikwa vibaya." Ukanichapa begani na bua. "Konso," ukasema, "usiseme kitu kimepotea, sema sijakiona."

Nilikuamini. Sasa siamini. Ule moshi ulipanda juu ya migomba ukaelekea Burundi, nani ataukusanya? Mimi? Miaka yako yote ya kufikiri imeivisha maharage. Hata kama imeandikwa huko kwenye ganda la dunia, inanisaidia nini mimi nisiyeweza kuisoma? Kisichosomeka na mtu yeyote, kwangu mimi kimekufa. Na sauti yako nayo imeanza kunitoka. Jana nilijaribu kuisikia ukiita jina langu, nikasikia sauti ya baba mdogo.

Mama hajui. Yeye hajui kusoma, lakini kila Jumapili ananiuliza, "Mawazo ya baba yako umeyatunza?" Najibu, "Yapo, Mama." Wiki iliyopita alitaka nimsomee kidogo. Nikachukua daftari langu la vipimo vya nguo, nikabuni maneno mbele yake. Alifumba macho akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu uondoke. Akasema, "Ndiye huyo kabisa." Nililifunga daftari, nikarudi kwenye cherehani.

Baba, nimechoka kukutungia maneno. Nikiendelea, hata huyo anayekumbukwa na Mama hatakuwa wewe. Jumapili tukitoka misani nitamkalisha nimwambie. Najua nitamzikisha mumewe mara ya pili, na tabasamu lile sitaliona tena.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi nitamwambia ni mimi, kwa mikono hii, na sitasema sikujua.

Mwanao,
Konsolata