Vidole vya Mama Verediana

Gatsata, Kigali, 1992

Mjukuu wangu Umutoni,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mama yako hajambo, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Macho yangu ndiyo yameniaga: juzi nilimkaribisha mgeni kiti, kumbe ni koti la mjomba wako limetundikwa mlangoni.

Unauliza kama sasa nitaacha kuandika. Nilipokuwa kijana nilipeleka hadithi yangu ya kwanza kwa Mama Verediana, mpiga taipu asiyeona kabisa. Mimi nikawa nasoma, yeye anapiga, vidole vikikimbia bila kosa hata moja. Nilipofika mahali mama anapomzika mtoto wake, akasimamisha mikono.

"Huyu mama analia kweli, au ni wewe unayetaka sisi tulie?"

Nilikasirika. Nikasoma tena polepole, na aibu ikanishika, maana kilio chote kilikuwa changu. Nikakifuta. Akabaki yule mama akikunja nguo za mtoto wake.

Mama Verediana hakunisifu. Alichukua kitambaa, akajifuta macho, akasema, "Endelea."

Kwa hiyo siachi. Barua hii anaiandika dada yako nikimtamkia, na tayari amenikatalia sentensi mbili.

Babu yako akupendaye,
Karoli