Kikohozi cha Mlima wa Changamwe

Jumatatu, 6 Mei 1963

Mvua tangu alfajiri. Jana maji yaliingia kwenye petroli, pikipiki ya kazini ikazima mara mbili kabla sijafika kivukoni. Leo nimeona yalikopitia. Juu ya kifuniko cha tangi kuna kitundu, hakizidi ncha ya sindano. Mzungu gani huyo atoboaye kifuniko cha mafuta? Baba ametia kalafati mashua za Likoni na Mtongwe maisha yake yote, na mimi nimekulia miguuni pake. Kwetu tundu likionekana huzibwa. Nimeziba. Pamba, mafuta ya papa, lami kidogo, rangi nyeusi juu. Kazi safi — hata mimi nikipapasa sipaoni mahali.

Kazini sikusema. Amri ya bohari ni moja: tarishi huendesha, fundi hutengeneza. Tarishi atakayegusa chombo kwa mkono wake atarudishwa kwenye baiskeli. Mimi na baiskeli tumeachana, na sitaki turudiane.

Jumatano, 8 Mei

Imezima tena. Safari hii si maji. Nimevuka daraja la Makupa salama, naanza kupanda mlima wa Changamwe, ikakohoa, ikalegea, ikanyamaza. Malori yananipita, yananirushia tope. Nikafungua tangi nione kama kuna mtu ameniibia petroli kivukoni. Petroli tele. Ila nilipofungua, tangi lilivuta hewa — fyuu — kama mtu aliyezibwa pumzi. Nikafunga, nikapiga teke, ikawaka. Ajabu.

Nimempelekea Musyoka, fundi wa gereji ya bohari. Mkamba, mrefu, grisi mpaka viwikoni. Kwanza akafungua tangi, akachungulia, akaliacha wazi. Akaiwasha. Ikanguruma vizuri, yanifedhehesha! Akasema hii pikipiki iko mzuri. Kiswahili chao hicho. Akauliza kama nimegusa kitu. Nikamwambia sijagusa.

Kwa nini aniulize mimi?

Ijumaa, 10 Mei

Imekufa pale pale mlimani. Musyoka kasafisha plagi, kakaza skrubu ya kabureta nusu mzunguko, kasikiliza injini sikio limekaribia kuungua. Tangi wazi, injini yaimba. Nikashukuru, nikaondoka. Jioni ikanifia katikati ya daraja, Magharibi ikanipita nimesimama hapo naitazama.

Mikononi mwake inapona. Mikononi mwangu inakufa. Nimeanza kufikiri.

Jumatatu, 13 Mei

Gershom ameniita. Huyu ni karani mkuu, Mtaita, tai shingoni hata kwenye jua kali. Bwana mkubwa amechoka, hati za meli zinafika bandarini zimechelewa. Ikiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi, mmoja ataondoka: tarishi asiyejua kuendesha, au fundi asiyejua kutengeneza. Akaniuliza, wewe Mwidani waona ni nani? Nikasema siwezi kujua. Akatabasamu, akasema nikijua nimwambie.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye skrubu ya kabureta. Mtu akiigusa nisipokuwapo, nitajua.

Alhamisi, 16 Mei

Uzi umekatwa. Kaukata Musyoka mwenyewe, mbele yangu. Aliuliza uzi huu ni wa nini, dawa? Nikasema ni wa mtoto, Nyevu, aliuchezea. Akacheka, akauweka vizuri juu ya benchi, ati nisije nikaupoteza. Mtu mzima kutunza uzi! Upole wa namna hii una jambo nyuma yake.

Halafu akaja na maneno mapya. Asema akiipima imesimama haoni ugonjwa. Nimwachie aipande mpaka Mikindani na kurudi, aone inafia wapi. Mikindani, mimi sipo! Atachomoa nini, atabadilisha nini, nani atamwona? Nikamkumbusha amri ya bohari: tarishi huendesha, fundi hutengeneza. Akatazama chini. Akasema ni kweli, ni amri, akarudi kwenye plagi zake.

Nilitoka pale nimefurahi. Sikukubali kuchezewa.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua kubwa. Imenifia Chaani, karibu na vyumba vya watu wa bohari. Mke wa Musyoka, Margret, aliniona kutoka mlangoni pake akanivuta ndani. Akanipa chai ya maziwa na kiazi kitamu, koti langu akalitundika juu ya makaa likauke. Chumba kidogo, watoto wamejipanga kitandani kama dagaa. Ukuta ameupaka chokaa mwenyewe, juzi tu. Alisema kule bara walihama sana, hapa wamefika, hawahami tena.

Nikaanza kulainika, nisidanganye. Kisha nikamwona mwanamume amekaa pembeni, simjui. Shemeji yake Margret, mdogo wake Musyoka, amekuja juzi kutoka Machakos anatafuta kazi. Nikamuuliza kazi gani. Akasema anajua kuendesha pikipiki.

Nikaiweka chai chini.

Nimemhadithia mke wangu, Mwanasaumu, nyumbani. Yeye ameshika jambo moja tu.

“Na huyo mkewe ndiye aliyekukaushia koti?”

Nikamwambia ndiyo, na hapo ndipo ujanja ulipo. Akanitazama, akaenda kuchuja tui.

Jumatano, 22 Mei

Nimekwenda kwa Gershom, nimesema yote. Kwamba fundi anailegeza pikipiki makusudi. Kwamba anaiponya mbele ya watu na kuiua njiani, ili mimi nionekane sifai na nduguye apate kiti changu. Gershom alifurahi kuliko nilivyotazamia. Ati na yeye alikuwa akishuku zamani. Nilidhani ataniuliza ushahidi — hakuuliza. Shauri litasikilizwa Jumatano ijayo mbele ya bwana mkubwa. Musyoka akipatikana na makosa atatoka kazini, na chumbani pia, siku hiyo hiyo.

Habari ya chumba sikuijua. Au niliijua, sikuitazama. Likoni nzima siku hizi inasema watu wa bara wanakuja kutunyang'anya kazi, na Uhuru ukifika itakuwa zaidi. Mimi nimesema tu lile ambalo kila mtu anasema.

Jumamosi, 25 Mei

Imekufa mara mbili. Musyoka amejua ameitwa, hajui nani kamsema. Ameshinda juu ya kabureta yangu bila kula. Aliniomba radhi kwa usumbufu. Nikaiwasha, nikaondoka.

Jumatano, 29 Mei

Naandika benchini, nje ya ofisi ya bwana mkubwa.

Asubuhi, nyumbani, chai iko tayari. Nikachukua kopo la maziwa, nikalitoboa kwa msumari, nikaliinamisha. Tone moja, basi. Nikalitikisa. Nikalipiga tako. Nikasema na hawa wenye duka nao wezi, wanauza makopo yaliyoganda. Mwanasaumu akaninyang'anya.

“Baba Nyevu, toboa na la pili. Yatatokaje, na hewa haina pa kuingilia?”

Akagonga msumari upande wa pili. Maziwa yakamiminika, chai yangu ikageuka nyeupe. Alikuwa akisema nimwambie yatosha. Nilikuwa nimekwisha simama.

Nikatoka uani na sindano yake. Nikachokoa rangi, nikachokoa lami, nikaitoa pamba. Petroli inateremka kwenye kabureta, hewa haiingii kushika nafasi yake, petroli inakwama, injini inakufa. Ndiyo ile fyuu. Musyoka akifungua tangi, hewa inaingia, inapona. Na angeipanda mpaka Mikindani, tangi limefungwa, angejua siku ile ile ya uzi. Mashua na tangi si kitu kimoja, na hilo hata Nyevu angeniambia.

Pamba nimeifunga kwenye karatasi. Njiani nilipanga maneno: bwana mkubwa, kosa ni langu. Makupa nikayasema kwa sauti. Mlima wa Changamwe nimeupanda bila kikohozi hata kimoja, na kadiri nilivyopanda maneno yalipungua. Nikiyasema, nimegusa chombo. Tena nimesema uongo kwa fundi, na kwa karani, na kuhusu fundi. Hiyo si baiskeli tena. Hiyo ni kwenda nyumbani.

Musyoka aliisikia kutoka mbali. Alitoka gereji anakimbia, kitambaa begani, uso umemkunjuka.

“Imepona! Hii sauti iko sawa kabisa. Umefanya nini?”

“Sijagusa.”

Lilitoka lenyewe, limezoea njia.

“Basi ni ile skrubu ya Jumamosi,” akasema. “Mungu ni mwema. Leo nitawaambia nimeitengeneza.”

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Grisi yake bado ninayo vidoleni, imeingia hata kwenye ukurasa huu. Nilijiambia basi, mambo yamejimaliza. Pikipiki nzima, fundi kaitengeneza, atabaki, nami nitabaki, na pamba nitaitupa baharini jioni nikivuka.

Kisha Gershom akapita, akaniinamia sikioni. Ameisikia pikipiki ikiingia langoni. Amesema sasa tumemshika. Imekufa mwezi mzima, leo anahukumiwa, leo imepona. Ushahidi gani mwingine mtu anataka?

Wamemwita Musyoka kwanza. Mlango hawakuufunga vizuri. Nasikia anaeleza habari ya skrubu, polepole, anatafuta maneno mazuri ya Kiswahili kwa ajili ya bwana mkubwa. Anasema ndiyo, bwana, ni mimi nimeiponya. Anasema tena, kwa fahari. Gershom anamwomba arudie hilo, mara ya tatu, ili bwana asikie vizuri.

Margret yuko kule langoni, amevaa gauni la kanisani. Amenipungia mkono. Pengine anajua. Hapana, angejua asingenipungia.

Karatasi iko mfukoni mwa shati. Joto limeyayeyusha yale mafuta ya papa, yanatia doa. Karani mdogo amepita, amesimama, amenusa, ameuliza nani kaja na samaki ofisini. Nimetazama ukutani.

Ndani wamemaliza. Kiti kinasukumwa. Gershom yuko mlangoni, anatabasamu, anasema Mwidani, njoo, neno moja tu na kwisha —