Chifu Naye Amefiwa

Kukhu,

Mjukuu wako nakuandikia nikiwa na hasira, na utanivumilia kama ulivyozoea. Ni habari ya Chifu, paka wako. Walitaka kumtia guniani.

Ilianza jioni ile ile tulipokuzika. Waombolezaji walipoenda kula, Chifu alikaa mlangoni kwako akaanza kulia. Unaijua sauti yake, ndefu na nzito, ya mtoto anayekataa kuogeshwa. Alipoona hufungui, akahamia kaburini. Senje Robai, binti yako mwenyewe, akashika kifua: "Paka gani analianga kama mtoto ya mtu? Hii kitu imeingiliwa!" Kufikia asubuhi Malinya nzima ilikuwa na habari kwamba umerudi na manyoya.

Jamani! Kwani paka huyu walimwona juzi? Yule mwalimu aliyehamishwa alipokuachia, aliwaeleza wote pale uani: ni paka wa Siam, aina yenye maneno mengi, humchagua mtu mmoja akamfuata mpaka msalani, na akiachwa peke yake hupiga kelele. Wakaucheka uso wake mweusi kwenye mwili wa rangi ya maziwa, wakasema alitia kichwa mekoni. Ukamwita Chifu kwa sababu kila asubuhi alikagua boma moja hadi jingine, akiingia bila hodi na kutoa maoni juu ya mboga za watu. Ghala la mahindi la Senje lilikuwa la panya mpaka Chifu alipolipitia. Siku hizo hakuwa ameingiliwa na chochote.

Nawe ulimjibu kila neno. Ukisonga obusuma, yeye akilalamika miguuni, ulikuwa unasema, "Nimesikia, Chifu. Endelea." Mimi nilikuwa nakucheka.

Siku ya kunyoa, baada ya wembe kupita vichwani mwetu, wazee wakakaa kugawa vitu vyako. Kiti chako kikaenda kwa Baba Mdogo Zablon. Chifu alikuwa amelala kitini. Baba Mdogo akakiinamisha, akammwaga kama anamwaga maganda ya viazi. Chifu akapanda tena. Akamwagwa tena, na watu wakacheka, Kukhu, kwenye matanga yako! Senje akasema gunia liko tayari, mtu wa bodaboda atamtupa huko Khwisero.

Nikasimama. Najua msichana hasimami wazee wakigawa, lakini nilisimama na kipara changu kikiniwasha. Nikawaambia Senje aligaragara kwenye udongo wa kaburi, wakamshika mabega na kumpa maji. Baba Mdogo alilia kwenye maikrofoni mpaka mchungaji akamnyang'anya. Hakuna aliyeitiwa gunia. Huyu naye amefiwa, na hana mtu mwingine. Kama vitu vya Kukhu vinagawiwa, mimi nataka paka.

Kisha mzee aliyekuwa akigawa akasema, "Sawa. Paka ni ya huyu msichana. Ingine?" Wakaendelea na sufuria.

Sasa tuko naye Amalemba, kwenye chumba changu kimoja. Kila jioni analilia mlango, na jirani ameshakuja kuniuliza ninamtesa nani. Bado nina hasira nao wote. Na wewe pia, nisikufiche. Uliondoka bila kutuaga, mimi wala yeye.

Jana alianza tena. Nilifungua mdomo nimwambie anyamaze, nikajisikia nikisema, "Nimesikia, Chifu. Endelea." Akageuka ghafla, akatazama nyuma yangu kukutafuta. Hapo ndipo nilipolia, Kukhu. Tangu tukuzike sikuwa nimelia, nilikuwa na kazi ya kukasirika. Tulilia wote wawili, na jirani akagonga ukuta, na hatukunyamaza.

Pumzika sasa. Nakuahidi, kila atakapokuita, kutakuwa na mtu wa kumjibu.

Mjukuu wako,
Imali