Nilimwambia Naoga Mwenyewe

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Jirani yangu mshonaji ndiye anayeniandikia, maana kalamu sikuijua hata mikono ilipokuwa mizima. Kuku anataga, paa bado linavuja.

Ile posho ya serikali ya wasiojiweza wameninyima. Mara tatu nimepanda ngazi zao. Ofisi ya walemavu wameiweka ghorofani, tazama akili hizo! Karani akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Bibi, unaoga mwenyewe?"

"Naoga mwenyewe! Kwani wewe unaogeshwa na nani?"

Watu wakacheka, naye akaandika kwamba najiweza. Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi.

Miaka thelathini nimefua nguo za watu, leo hata kitambaa cha uso siwezi kukikamua. Huyu anayeandika ndiye anayeniogesha. Hapa amesimamisha kalamu, analia, mjinga huyu. Andika! Mwezi ujao anahama, na bila posho sina cha kumlipa mwingine.

Watanisikiliza upya Jumatatu ijayo asubuhi. Njoo, uwaambie wewe yote ninayofanyiwa. Mimi nitakaa nje, nisisikie.

Bibi yako, niliyeponzwa na mdomo