Kwa Nini Alen Hakucheza Mechi ya Mwisho

S.L.P. 61,
Lushoto.
24 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Sefania,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umeanza kukuachia. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, ukungu hautoki mpaka saa nne, lakini karoti zimekubali, na Mama bado anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeogopa tungekatana maneno, kwa hiyo nimemwomba Jenoveva, yule muuguzi anayekuja huko Ujerumani kusoma, aifikishe barua hii mkononi kwako.

Kaka, ujumbe ulionitumia jioni ile ya tenisi ya Kombe la Davis niliupata. Uliandika kwamba hukutegemea ndugu yako wa tumbo moja amkalishe mwanao benchi mbele ya dunia nzima. Sikujibu, na sasa wiki tano zimepita. Labda umeona ni dharau. Si dharau. Nilikuwa sijajua niseme nini.

Unajua mashindano yale yanavyokwenda: nchi kwa nchi, mechi mbili za mchezaji mmoja mmoja, halafu ya mwisho ya wawili wawili. Siku ile tulikutana na wenyeji, na atakayefungwa alikuwa anashuka kundi la chini. Alen wako alicheza wa kwanza, akashinda. Uliona mwenyewe mtandaoni. Mimi pale kwenye kiti cha nahodha nilijifanya nafuta jasho. Baadaye Salimu, ambaye ndiye namba moja wetu, akafungwa. Ikabaki ile ya wawili, na tangu mwanzo tulipanga waingie Alen na Salimu.

Ambalo hukuliona ni hili. Mechi ya Alen ilipokwisha, alimpa mwamuzi mkono wa kushoto. Mtoto yule kalelewa na Mama pale Mgwashi. Hajawahi kumpa mtu mzima mkono wa kushoto. Jambo hilo nilikaa nalo moyoni muda wote Salimu alipokuwa akicheza.

Tulipoingia chumbani nilikuwa na robo saa tu ya kupeleka majina. Nikamwambia Alen anibane kiganja kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zake zote. Akabana. Kaka, ilikuwa kama kushikwa na mtoto mchanga. Kiwiko kilikuwa cha moto na kimevimba upande wa ndani. Alikuwa ameumia tangu juzi yake mazoezini, akaficha.

Hakukana. Aliniomba tu, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie.

"Baba mdogo, Baba ameomba ruhusa kazini aniangalie. Niache nimalize leo, halafu mkono na ukatike."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikatae. Nilimwambia atakaa, nikaandika jina la Dotto, yule askari wa miaka thelathini na saba tuliyemchukua awe mchezaji wa akiba.

Najua yanayosemwa Mgwashi. Wanasema Clemence ana kijicho. Kwamba ujanani nilikwenda na timu mara mbili bila kuingia uwanjani, na sasa sikutaka mtoto wa kaka yangu afike mahali ambapo mimi sikufika. Nimejiuliza swali hilo mwenyewe, tena si mara moja. Sikukuta kijicho. Nilikuta woga. Niliogopa kuja kukueleza kwamba mwanao uliyeniachia hawezi tena kuinua jembe wala raketi.

Dotto alicheza kuliko nilivyomtarajia. Walichukua seti ya kwanza, wakapoteza ya pili, na ya tatu tukafungwa kwa pointi mbili. Mbili tu, Kaka. Dotto alikaa chini palepale kwenye mstari, na Salimu akaja kumwinua. Alen alipiga makofi kwa kujipiga pajani kwa mkono wa kushoto. Hakunitazama.

Safari ya kurudi alikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi. Tulipofika Mombo niliteremka ninunue mahindi ya kuchoma, moja langu na moja lake, na niliporudi nilikuta ameshachukua begi lake na kupanda gari jingine la kwenda kwa Mama. Nilikuja huku juu na mahindi mawili.

Wiki ile Mama alimpeleka hospitali. Daktari alisema kano imechanika kidogo na itapona kwa mapumziko. Nilimpigia daktari nikamuuliza kama angecheza ile mechi ingekuwaje. Alisema pengine isingezidi, pengine ingekatika kabisa, na kwamba hakuna mtu anayeweza kujua. Nilitaka aniambie nilifanya sawa. Hakuniambia. Kwa hiyo na mimi sikuambii hivyo, Kaka. Nakwambia tu kwamba nilikuwa na robo saa, na nikachagua.

Jumatano iliyopita nilikuwa natayarisha chokaa ya kuchorea mistari pale kiwanjani, nikamwona Alen amesimama nje ya uzio. Aliniamkia. Akaingia, akashika ncha ya kamba, tukachora mstari mzima. Tulipofika mwisho ndipo akauliza.

"Baba mdogo, kama mkono ule ungekuwa wako, ungekaa?"

Nilitaka kumdanganya. Nikashindwa.

"Nisingekaa," nilimwambia. "Ningecheza. Ndiyo maana timu hupewa nahodha asiyecheza."

Akacheka kidogo, kicheko chako kabisa kile cha puani, akasema tuchore mstari wa pili kabla ukungu haujarudi.

Sasa, Kaka, nina ombi moja, nalo si kwamba unisamehe. Hilo utalifanya ukiwa tayari. Mpigie Alen. Tangu siku ile anaamini umemwonea aibu, na hathubutu kukupigia yeye. Usimuulize matokeo, wala mimi nilisema nini. Muulize mkono unaendeleaje, kisha umwache aongee. Mimi na Mama tumemlea miaka minane na ananisikiliza, lakini siku ile alikuwa anakuchezea wewe.

Mama anakusalimu sana, anasema utume picha ambayo umesimama, amechoka na za kukaa. Janeth mke wangu anakusalimu, na wanangu wote wanakuamkia. Msalimie shemeji na umbusu mtoto. Dotto naye, usiyemfahamu, aliniomba nikufikishie pole.

Mungu wa baba yetu akulinde huko ugenini, akurudishe siku moja kwenye milima hii ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Clemence