Dakika ine za kasanduku ka Kilwa

Nchelenge, siku ya tatu, mwezi wa kumi na moja

Kwa ndogo yangu Cadette, kule Mantapala,

Jambo yako sana, ndogo yangu. Mugongo uko ginsi gani? Na ule muhogo uliacha juani siku ulikuja ku kilio, jirani walianua ao mvula ililoanisha yote? Miye niko muzima. Ni magoti tu inasumbua, na ile si ugonjwa, ni miaka. Naandika na mukono yangu mwenyewe. Willy, mukatekista wetu, tulivuka naye leo, alisema, Tata Banza, leta nikuandikie, maandiko yako inatembea kama kuku mu majivu. Nilimujibu kwamba mutu aliyeshika foni, ile redio ya misioni ya kuitana mbali, kule Pweto miaka kumi na tisa hakopeshwi mukono.

Wewe unajua. Pweto yote ilinijua. Kama padri alitaka kusema na Lubumbashi, ni miye nilikuwa nawasha, ni miye nilikuwa nasikilizanisha batu mbali. Masomo nilifanya miaka mbili tu, lakini foni haikuniuliza diploma.

Njo maana, wakati batu ba proje balileta Kilwa tule tusanduku twa kupasha habari ya mupepo, batu bote balisema ketu kakae kwa Banza. Kamoja kako Nchelenge, kamoja Chisenga, kamoja kwangu juu ya muti. Batri yake ni kidogo kama kipande cha sabuni, na inakula jua. Fundi wao ni Misozi, binti mufupi, mwenye kusema mbio. Alinifasiria muzuri: tusanduku tunalala juu ya kuchunga batri. Kila saa tunaamuka tote pamoja dakika moja, tunapashana habari, tunalala tena. Kama mupepo mubaya unakuja, Nchelenge inasema, Chisenga inapokea, inatutupia siye, taa nyekundu inawaka kwangu, na hakuna mutu anaingia mu ziwa. Neno moja alirudilia mara tatu: kama kasanduku kanazima, usikaguse, Ba Tata, uniite. Saa yake inatoka Nchelenge tu.

Nilimucheka mbele ya batu. Nilisema, mulinzi gani analala dakika makumi tano na kenda, anaamuka moja, na munamulipa? Siye ba foni hatukulala. Akajibu kwa heshima yote: Ba Tata, foni yenu ilikula batri ya lori, haka kanakula jua ya leo. Batu bakacheka, na si yeye balicheka.

Sasa habari ya kisha kilio. Misozi alikuja Kilwa, akafungua kasanduku mbele ya kila mutu. Alikuta saa yake inapita ya Nchelenge dakika ine. Alisema siku ile ya mupepo kaliamuka peke yake, kakaita, hakuna aliyejibu, kakalala. Dakika ine kisha, Chisenga ilitupa habari, na ketu kalikuwa kanalala. Aliniuliza kama kuna mukono ulikagusa. Nikasema hapana. Mwaba, mwenye bwato ile ilizama, akamutukana kwamba aliwaletea batu kitu kibovu. Misozi aliandika tu mu kitabu chake. Vendredi, ile Ijumaa inakuja, biro ya proje inamuita. Banasema alifunga vibaya, batamufukuza, na tusanduku tote tutatoshwa tupelekwe mbele ya mvula kubwa, batu ba visiwa babakie bila kitu. Na nilisikia kwamba weye pia ulitia jina yako ku barua ya kumushitaki.

Cadette, kaa chini. Kama ni Joëlle binti yako anakusomea, mwambie atulie kwanza.

Ni miye.

Mwezi wa kumi nilifinya kabutoni kale ka kupimia, ili kasanduku kakae macho muchana na usiku. Nilitaka batu baone mulinzi ni nini. Mawingu ilikuja siku mbili, batri ikaisha, kakazima. Jua iliporudi kaliwaka tena, lakini bila saa. Kumuita Misozi ilikuwa kukubali kwamba alikuwa na haki. Nikaitia saa mwenyewe, na montre yangu ya mukono, ile napeleka mbele dakika ine tangu Pweto, juu niwe wa kwanza kuingia ku kanisa. Nilisahau. Hapana, sikusahau. Nilisema mu roho, dakika ine ni nini?

Siku ile ya mupepo, saa ine imepita, Parfait wako alikuja na wavu ku bega akaniuliza, Yomba, taa iko namna gani? Niliangalia. Haikuwaka. Nikamwambia aende. Na niliongeza kwamba hakuna mutu ku Mweru anajua mupepo kuliko miye. Alicheka, akasema ndiyo, Yomba, tunajua, ulishatuambia jana. Akashuka ku maji, akaingia mu ile bwato ya Mwaba. Ulinipa mutoto nimulee, na ni miye nilimuonyesha njia.

Vendredi nitasimama mbele ya biro na nitasema vile nimekuandikia. Banifukuze ku muti yao, banitukane, ni haki yao. Lakini weye, tosha jina yako ku ile barua, ulifute kabisa. Kama inaomba jina, batie yangu.

Kuna kitu kimoja tena. Leo asubui nilikuja kwa Misozi, nikamuambia yote. Hakunitukana, na kunitukana kungenisaidia. Aliniuliza neno moja tu: mama ya Parfait anajua? Nikajibu ndiyo, nilishamuandikia, barua iko njiani. Ilikuwa bongo, uongo mutupu. Nilikuwa sijaandika hata jina yako. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na karatasi hii na kalamu, akaniwekea ku benchi, akarudia kazi yake. Niko hapo mpaka sasa, na anaona mukono yangu.

Rodwell anapita Mantapala na gari ya mahindi, atakufikishia. Usinijibu kama roho haitaki. Mupe Joëlle na batoto jambo yangu, na uchunge mugongo, usibebe maji peke yako.

Ni miye ndugu yako mukubwa,
Banza