Antena Mpya na Mtu Asiyesema

Bariadi, Jumatano, msimu wa pamba

Upepo wa leo hauna adabu. Umepiga tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria ya uji, na hapa kwenye duka la intaneti kila anayefungua mlango anaingia na lake. Nina muda wa kupoteza mpaka saa ya kuona wagonjwa, na nikikosea herufi nivumilieni.

Anayesoma hapa kwa mara ya kwanza ajue jambo moja: mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chenji naigeuza pande zote mbili. Kabula, mke wangu, anasema hata mvua ikinyesha nauliza imetumwa na nani.

Kabula alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Ya kwanza iliharibika mwaka juzi nikiwa barabarani, nikaja kuambiwa baada ya kila kitu kwisha. Safari hii niliapa kwamba popote nitakapokuwa, nitasikia. Ndiyo maana ya antena yote hii.

Kazi yangu ni kubeba pamba. Tangu soko liwe huria na kila mwenye mizani ajiite kampuni, gari langu kuukuu halikai nyumbani msimu mzima. Simu ya mkononi inashika hapa mjini tu, ukikaribia Shishiyu inabaki ya kuangalizia saa. Lakini mimi nina leseni ya redio ya waridhaa, yaani sisi tunaoongea hewani kwa kuipenda kazi yenyewe, bila biashara. Kabula nilimfundisha, naye akapata yake. Nyumbani tuna redio mezani na mlingoti mrefu kuliko mti wowote wa mtaani kwetu. Kwenye gari redio ipo pia. Kilichokuwa kinakufa kila mara ni antena.

Barabara za huku zinatikisa nati mpaka zinajifungua zenyewe, na matawi ya migunga yanachapa kila kitu kinachosimama juu ya gari. Antena ya kwanza ilivunjika shingo. Ya pili, ile ya sumaku ya kubandika juu ya paa, niliiacha vichakani bila habari.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Hamadi, mwenye duka la spea pale sokoni. Akanitolea moja inayong'aa, ndani ya boksi lenye picha ya gari zuri. Kitu kinachong'aa hivyo mimi sikiamini. Nikamwomba ile ndefu iliyokuwa imesimama nyuma ya mlango, ya chuma cha pua, yenye springi nene chini, iliyotolewa kwenye gari la mradi uliofungwa. Nikatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu nikaipitisha toka juu hadi chini, maana chuma cha pua cha kweli hakishiki sumaku. Haikushika. Nikarudia.

"Mwanangu," Mzee Hamadi akasema, "hata mke hukumpima hivi."

Nikaichukua. Kuifunga, nilisimama juu ya kichwa cha fundi Jumatatu nzima. Yeye alitaka kuiweka juu ya paa, nikakataa, migunga ingeila. Tuliiweka pembeni mwa boneti, karibu na kioo. Nilimlazimisha akwangue rangi mpaka chuma cheupe kionekane, maana antena isipogusa bodi sawasawa ni fimbo ya kuchungia tu. Tukaweka washa, nati mbili, grisi ya kuzuia kutu, na waya upite kwenye mpira usikatwe na bati. Fundi akaniuliza kama namwona mwizi. Nikamwambia bado.

Sasa niwaeleze habari za mayu, mama yake Kabula.

Alikuja kutoka Bukundi wiki iliyopita kumngojea mjukuu. Huku kwetu mume wa binti na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ni heshima. Vijana wa mjini wengi wameacha, lakini mayu hajaacha hata nukta. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye ameshatoka kwa wa nyuma. Akitaka jambo anamwambia Kabula, Kabula ananiambia mimi. Sijawahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu tangu nioe. Na kwa roho yangu hii, nilikuwa nimeshaamua kwamba hanipendi.

Leo asubuhi nikaondoka kwenda Shishiyu na wakala wa kampuni tunayoibebea. Njiani nikamwita Kabula. Akajibu kana kwamba amekaa kiti cha nyuma. Nilifurahi mpaka nikapiga honi bila sababu, wakala akashtuka.

Tulipofika mnadani nikaiacha redio wazi, mlango wa gari nao wazi. Wakulima walikuwa wamekalia mizigo yao ya pamba wakibishana na mwenye mizani. Mara ule mvumo wa redio, shhhh, ukakatika. Kimya. Ukarudi. Nikaita, "Kabula?" Mvumo ukakatika tena, kimya kile kile, ukarudi.

Nikasema, haya, antena ya Hamadi hiyo.

Nikachukua spana nikaenda kukaza nati. Zilikuwa zimekaza. Nikamtukana fundi kimoyomoyo, nikafungua, nikaangalia waya, nikafunga. Kila kitu kilikuwa sawa. Ikakatika tena, safari hii kwa muda mrefu.

Ndipo akili ikanirudia, na haikurudi vizuri. Mvumo ukikatika hivyo maana yake kuna mtu amebonyeza kitufe upande wa pili na hasemi. Antena ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana. Basi nani huyo?

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gari la wanunuzi wengine, washindani wetu, lenye antena ndefu na dereva aliyekaa miguu nje. Siku hizi hawa watu wana redio zinazoingia kila masafa, na wote wanaamini mimi natangaza bei kwa siri, ingawa leseni yangu inakataza na sijawahi. Dereva akanitazama, akacheka. Nikaona nimepata jibu. Ananisikiliza, na ananibonyezea ili kunikera.

Sikwenda kumuuliza. Laiti ningekwenda.

Nilishika maiki nikafunguka. Nilisema, "Wewe unayenibonyezea, mwizi mkubwa! Kama una mdomo, sema! Umekaa kimya kama mchawi!" Wakulima wakageuka. Mvumo ukakatika kidogo, ukarudi. Nikarudia neno hilo, mchawi, kwa nguvu zaidi. Kisha nikazima redio kabisa, nimkomeshe.

Niliizima mpaka tukamaliza kupakia. Ile redio niliyoifunga ili nisikie, niliizima mwenyewe kwa mkono wangu.

Nilipofika nyumbani mchana mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu. Zuhura, mke wa mwenye duka jirani, akaja mbio akiwa hana hata ushungi kichwani.

"Shemeji, ulikuwa wapi? Kabula ametoka damu tangu asubuhi! Tumempeleka hospitali na gari la mume wangu. Mama mkwe wako amekubonyezea mpaka kidole kimechoka!"

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Zuhura akanieleza, nami nilikuwa naelewa kabla hajamaliza. Damu ilipoanza, Kabula aliishiwa nguvu kabla ya kuifikia redio, akamwonyesha mama yake kitufe, akamwambia, bonyeza hapa, mume wangu atasikia. Kisha akashindwa kusimama, akapelekwa kulala chumba cha ndani. Mayu akabonyeza. Aliposikia sauti yangu ikiita, hakuweza kusema. Angesemaje na mume wa binti yake? Alijua kwamba mtu akibisha hodi, mwenye akili anafungua mlango.

Na mimi nikamwita mchawi.

Wa huku hawana haja ya kuelezwa. Asiye wa huku ajue kwamba neno hilo halitupiwi mwanamke mzee hivi hivi. Wapo waliouawa kwa neno hilo, na walioanza kulisema walikuwa watu wa nyumbani mwao. Mayu ni mjane, anaishi peke yake Bukundi, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na huku macho hayo tu yanatosha kuwa ushahidi. Amelisikia kutoka kwa mkwe wake, ndani ya nyumba ya mkwe wake, mkono ukiwa kwenye kitufe.

Sikumbuki nilivyofika hospitali. Kabula alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, mweupe midomo, amelala. Mtoto yupo. Ni wa kike, mdogo, ana kelele za kutosha. Nililia mbele ya nesi na sikuona haya.

Mayu alikuwa nje ya wodi, amekaa sakafuni, khanga imefunika uso. Nilipokaribia nikageuka pembeni kama inavyotakiwa, nikapiga magoti nikiwa nimeuangalia ukuta. Nilitaka kuuomba ukuta msamaha, nadhani. Akatangulia yeye.

"Mwadila," akasema. Salamu tu ya mchana. Kwangu mimi.

Niliinamisha kichwa hadi kikagusa ukuta.

"Nilimwambia Kabula umesikia," akaendelea, taratibu, kwa Kiswahili chake cha shida. "Nilimwambia unakuja. Akatulia. Alipouliza tena, nikasema gari limekwama."

"Mayu, nilizima. Nilidhani ni adui."

"Hilo la kuzima Kabula halijui," akasema. "Na yale maneno hakusikia. Mwache apone."

Kisha akanyanyuka akaenda kukaa upande wa pili wa korido, akanipa mgongo, kama siku zote.

Kabula alipoamka alinishika mkono akasema, pole na gari kukwama. Nikasema asante.

Nikasema asante! Nimewahi kumdai Mzee Hamadi ukweli wa kipande cha chuma, mke wangu nikamwachia uongo kitandani.

Na sasa nimekaa hapa kwenye vumbi, badala ya kumshukuru Mungu, najikuta naanza kujiuliza: kwa nini mayu amenificha? Anataka nini? Lini atalitoa neno lile, na mbele ya nani? Nimejisikia nikiwaza hivyo na nimeogopa, kwa sababu mwanamke yule leo nimemtukana tusi la kuua na bado amenisitiri.

Saa ya kuona wagonjwa imekaribia. Naingia, na nitamwambia Kabula yote mwenyewe, neno lile na redio niliyoizima, kabla sijapata nafasi ya kumshuku mama yake tena.